Kabla ya darubini, nenda ukaone maji siku ya kiza

Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia meseji, kaka nataka kuanza kuangalia nyota, ninunue darubini gani. Sasa naandika hapa mara moja ili nikiulizwa tena nitume linki tu. Jibu langu ni usinunue. Nunua daftari. Lile la shilingi 50 ambalo mwenye duka huandikia madeni ya watu linatosha kabisa.

Mimi nilianza kinyume. Nilitoa shilingi 9,500 kwenye duka moja mjini, boksi limechorwa sayari ya Zohali na pete zake zinang'aa, na kwa maandishi makubwa "mara 525". Lenzi yenyewe milimita 60. Kitu ambacho sikujua ni kwamba ukichukua hizo milimita za lenzi ukazidisha kwa mbili ndo unapata ukuzaji wenye maana, yaani hapo ni kama mara 120, ukipita hapo unakuza ukungu tu. Alafu stendi yake ilikuwa kichekesho, ukiigusa kidogo mwezi unacheza chakacha. Leo iko juu ya kabati, imefunikwa leso.

Kilichonifundisha ni maji.

Kwetu ni Mji wa Kale, Mombasa, na ami yangu ni mvuvi, kwa hivo habari za maji kujaa na kupwa nimezisikia tangu mdogo bila kuzisikiliza. Siku moja nikasoma kwamba mwezi ndo unavuta bahari. Nikakaa nikapiga hesabu zangu, nikasema basi ni rahisi, mwezi ukiwa mkubwa unavuta sana, ukiwa mdogo unavuta kidogo. Nikaamua kupima kama mwanasayansi. Kuna ngazi za kushukia majini ambazo nilikuwa nazipita kila siku, nikasema ntahesabu ngazi ngapi zimebaki kavu. Mwezi mpevu wa kwanza, saa kumi jioni baada ya swala ya alasiri, nikakuta zimebaki tatu. Mwezi mpevu wa pili, tatu. Wa tatu, mbili na nusu, manake kulikuwa na mawimbi. Wallahi nilijiona mwanasayansi mkubwa, mimi ndo Galileo wa Kibokoni, mtaani kwetu.

Nikaenda kwa ami kujigamba. Yeye yuko chini anashona nyavu zake, hata hakuinua uso.

"Na siku za kiza wenda?"

Nikamwambia Ami siku za kiza naenda kufanya nini, mwezi wenyewe haupo.

"Haya. Na sisi pweza twenda mwambani lini?"

Akanyamaza akaendelea na nyavu. Nilijua jibu kama kila mtoto wa pwani anavyolijua, pweza hutafutwa siku za bamvua wakati maji yanapwa mbali mpaka mwamba unabaki wazi, na bamvua ziko mbili kila mwezi. Mbili! Moja mwezi ukiwa mpevu na moja mwezi ukiwa kiza. Nilikuwa nalijua hilo kichwani na nadharia yangu nayo iko humo humo kichwani, na hazijawahi kukutana.

Siku ya kiza nikaenda. Saa kumi jioni, ngazi tatu kavu. Hakuna mwezi, na maji yako pale pale kama siku ya mwezi mpevu. Nikakaa juu ya ngazi pale nikahisi kama nimeibiwa.

Sasa tazama nilikosea wapi, manake hapa ndo ushauri wangu wote ulipo. Si kwamba sikupima, nilipima vizuri tu na nikaandika. Kosa ni kwamba nilienda siku zile tu ambazo nilitarajia nitakuwa sawa. Zile mara tatu nilizihesabu kama mashahidi watatu kumbe ni shahidi mmoja nimemwita mara tatu. Siku ambayo ingeniumbua ilikuwa siku ya kiza na hiyo ndo niliyoiruka, si kwa ujanja, ni kwa sababu haikunipitia akilini kwamba kuna kitu cha kuangalia. Na kulikuwa na dalili nyingine mbele ya macho yangu, saa kumi jioni siku ya mwezi mpevu mwezi wenyewe bado haujachomoza! Uko upande wa pili wa dunia, na bahari imejaa. Niliona nikapita tu.

Basi nikajirekebisha, nikaanza kwenda na siku za mwezi nusu. Saa kumi jioni kama kawaida, nakuta ngazi 14 kavu. Nikasema ahaa, mwezi nusu hauna nguvu kabisa. Kosa la pili hilo. Kila siku maji hujaa kama dakika 50 baadaye kuliko jana, kwa hivo ukihesabu wiki moja kutoka mwezi mpevu, ile saa kumi ambayo maji yalikuwa yamejaa sasa ndo yamepwa. Mimi nilikuwa nalinganisha kujaa kwa siku moja na kupwa kwa siku nyingine, kisa saa ya kwenda ni ile ile. Ilibidi nirudi usiku saa nne na tochi, mlinzi wa pale akidhani nina wazimu, ndo nikapata picha kamili. Siku za mwezi nusu maji yanacheza kati ya ngazi ya 9 na ya 14. Siku za bamvua yanapanda hadi ya 3, na saa nne asubuhi yanashuka mpaka ngazi zinakwisha unaona matope. Hizo za mwezi nusu ndo wavuvi huita maji mafu. Kwa mita, bamvua hapa kwetu tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, maji mafu ni mita moja na kitu.

Na sababu yake ukishaiona haikutoki tena. Mwezi unavuta maji ya upande ulio karibu nao zaidi ya unavyoivuta dunia, na dunia nayo unaivuta zaidi ya maji ya upande wa mbali, kwa hivo bahari inavimba pande mbili, mbele na nyuma. Jua nalo linafanya hivo hivo, ila nguvu yake kwenye maji haifiki nusu ya ile ya mwezi kwa vile liko mbali mno. Mwezi ukiwa mpevu na mwezi ukiwa kiza, vyote vitatu viko kwenye mstari mmoja, jua na mwezi wanasaidiana. Mwezi ukiwa nusu wanavuta pembeni kwa pembeni, mmoja anapunguza kazi ya mwenzake. Ukubwa wa ule mwangaza tunaouona hauna kazi yoyote hapo, mwezi ni ule ule, kinachobadilika ni upande gani umepigwa na jua. Bamvua yenyewe huchelewa siku moja mbili, na bahari haifuati mwezi papo hapo, kila pwani ina saa yake.

Kwa hivo ukiniuliza uanzie wapi nakwambia anzia hapo, mwezi na daftari, mwezi mzima, siku 29 na nusu. Tarehe, saa, umeona nini, na muhimu zaidi, unatarajia kesho utaona nini. Liandike kabla hujaona. Ukiandika baada utajidanganya, mimi nimejidanganya sana.

Baada ya hapo kama mfuko unaruhusu tafuta bainokula ya mkono wa pili, ile ya 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake ni milimita 50, uegemeze mikono kwenye ukuta isitikisike, uitafute sayari ya Mushtarii (Jupiter). Utaona vidoti vidogo pembeni yake vimejipanga kama shanga. Vichore. Kesho vichore tena, vimehama. Galileo Januari 1610 alifanya hivo hivo, siku ya kwanza akaona vitatu akadhani ni nyota tu, kesho yake vimekaa upande mwingine, siku chache baadaye kikatokea cha nne, na ni zile picha za kila usiku zilizomlazimisha akubali kwamba vinaizunguka Mushtarii, yaani ni miezi yake. Angechora siku moja tu asingepata kitu.

Na daftari litakuokoa na magrupu ya WhatsApp pia. Kila Agosti kuna ile fowadi kwamba sayari ya Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi. Ilianza 2003, na kweli mwaka ule Mirihi ilisogea sana, kilomita milioni 56 hivi. Ila hata hapo upana wake angani haukufika moja ya sabini ya mwezi. Ukiwa umewahi kuiandika Mirihi miezi miwili tu kwenye daftari lako, ukiletewa fowadi hiyo unacheka.

Alafu usikubali kuambiwa elimu hii ni ya watu wa mbali. Hapa Ngomeni, Malindi, kwenye jukwaa la kurushia roketi la San Marco lililo baharini, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ikaitwa Uhuru, kwa ajili ya siku yenyewe, siku ya uhuru wa Kenya.

Na wazee wetu walikuwa na nadharia zao. Chukua hii, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni kile kishada cha nyota, mwezi wa Mei kinapotelea magharibi kwenye mwangaza wa machweo, na Juni kinarudi alfajiri mashariki. Hii methali inapimika! Miaka mitatu sasa naipima. Kwanza niliamua kabisa mvua ni nini, nikaandika, ni wiki ambayo imenyesha siku nne kati ya saba, manake bila hivo manyunyu ya dakika tano ningeyahesabu yakinifaa na kuyaacha yasiponifaa. Mwaka mmoja uliharibika, mawingu wiki nzima sikukiona kikizama. Miwili mingine kilizama kwa mvua kikazuka kwa jua, vile vile kama ilivyosemwa.

Ami amefurahi, ananiambia haya, wataka nini tena. Nikamwambia Ami, Mei hapa Mombasa ni msimu wa mvua hata kilimia kingekuwa hakipo, kwa hivo hiyo miaka miwili haijatwambia kitu. Tunangoja mwaka ambao kitazama kwa jua.

Akacheka akaniambia hiyo ndo siku yako ya kiza.