Eka moja Kiwangwa: mananasi yalivyonitoa machozi kabla hayajanilipa

Wiki iliyopita msomaji kaniandikia: "Dada, nina eka mbili Bagamoyo. Nimeambiwa nanasi halitaki maji wala mbolea, unapanda unalala. Nianze na miche mingapi?" Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Hayo maneno, "unapanda unalala", ndiyo niliyouziwa mimi.

Najua wewe unayesoma hapa una kiu kama yangu. Una mshahara usiotosha, una kipande cha ardhi au unakitafuta, na hutaki uzee wako uwe wa kusubiri watoto watume hela. Basi kaa nikueleze.

Mwaka 2019 nilipata eka moja Kiwangwa, mkoani Pwani, nikatafutiwa mtu wa miche. Akaniapia kwamba yote ni Smooth Cayenne, ile isiyo na miiba mingi, na yote imetoka shamba moja. Ukipanda mistari pacha, sentimita 30 mche hadi mche, 60 kati ya mistari na 90 ya njia ya kupita, eka inameza miche kama 18,000. Nililipa yote kwa mkupuo. Miche ikashushwa usiku, mimi niko Dar naangalia picha kwenye simu, natuma vidole gumba.

Nilipofika shambani baada ya wiki tatu, mzee jirani alikuwa anapita na baiskeli. Akasimama, akautazama mstari kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Mwanangu, mbona umepanda babu na mjukuu tuta moja?"

Sikuelewa. Nilielewa mwaka uliofuata. Kumbe nilichanganyiwa machipukizi makubwa ya shinani, vichipukizi vidogo vinavyoota chini ya tunda, na vile vilemba vya juu ya nanasi ambavyo wauza juisi wanatupa. Chipukizi kubwa linaweza kukupa tunda kwa mwaka na nusu hivi. Kilemba kitakusubirisha hata miaka miwili. Kwa hiyo shamba langu lilizaa kama bomba bovu, tone leo, tone kesho. Wiki hii mananasi 40, ijayo 15. Hakuna dalali wa soko la Buguruni, Dar, atakayewasha gari kufuata mananasi 40.

Halafu ikaja masika. Kona ya chini ya shamba ilituama maji. Niliona miche imefifia, nikaikamata majani ya katikati kwa vidole viwili tu, nikavuta. Yakatoka yote kwa pamoja, kama kisu kwenye ala. Chini yalikuwa meupe, yamelegea, yananuka kama muhogo uliolowekwa ukasahaulika. Moyo wa mche ulishaoza. Nikavuta wa pili, wa tatu. Nilipofika wa kumi nikakaa chini kwenye matope na sketi yangu ya ofisini.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma huu mmea ni nani hasa. Kwao ni Amerika ya Kusini, upande wa mito Paraná na Paraguay. Ndugu zake wengi huko wanaishi juu ya matawi ya miti, wanakinga mvua kwa majani yaliyojipanga kama kikombe. Nanasi lenyewe linakaa ardhini, lakini tabia za ukoo linazo: majani yake ni mifereji ya kupeleka maji shinani, mizizi yake haiendi mbali, na vitundu vya kupumulia linavifungua usiku ili jua lisilinyang'anye maji. Kwa hiyo aliyeniambia halitaki maji alisema nusu ya kweli. Kiu linaivumilia, kuogelea hapana.

Wakati huo shemeji yangu mmoja alikuwa ananiita "bwana shamba wa WhatsApp" mbele za watu kwenye vikao vya harusi. Sijasahau.

Miezi ya palizi nairuka. Ni jembe, nyasi na mikwaruzo.

Awamu ya pili nilikaa na yule mzee chini ya mwembe tukachambua miche mafungu matatu, wakubwa kwa wakubwa. Tukaianika kama wiki, kitako juu, kidonda kikauke. Tukatafuta vidung'ata shinani, wale wadudu wadogo weupe kama unga wa sembe. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, jua wapo, maana sisimizi ndio walinzi wao. Matuta tukayainua. Ile kona nimeiachia migomba.

Mimea ilipopita majani 30, tukaiwekea moyoni dawa ya ethefoni ili itoe maua kwa pamoja. (Ujanja wenyewe wa zamani. Visiwa vya Azores, mwaka 1874, waligundua kwamba moshi ndani ya nyumba za vioo unafanya minanasi itoe maua.) Tuliweka Februari kwa makusudi, tukavuna Agosti. Desemba Kiwangwa nzima inavuna, na bei unapangiwa wewe.

Agosti gari lilikuja lenyewe shambani. Nilihesabu nanasi moja moja huku dereva ananung'unika, na sikujali.

Sasa, mdogo wangu wa eka mbili: anza na miche 500. Ichambue mwenyewe, kwa mkono wako. Nenda shambani mvua ikinyesha uone maji yanalala wapi. Usivune tunda bichi ukidhani litakolea sukari njiani, nanasi si ndizi. Na acha kulima kwa simu! Mnalima kwa simu, mnalia kwa simu, halafu mnasema kilimo hakilipi.

Shemeji naye kapiga Jumapili, anaulizia miche inapatikana wapi. Nimemwambia aje shambani Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, avae suruali ndefu na mabuti. Jumamosi imepita. Simu yake inaita tu.