Lisbon kwa miguu: anzia juu, shuka taratibu

Wageni wengi wa Lisbon huanzia Praça do Comércio, ule uwanja mkubwa ulio ukingoni mwa mto Tejo. Wakishapiga picha, hutazama kilima chenye ngome na kuanza kukipanda jua likiwa utosini. Ikifika saa nane wako hoi, wamepanga foleni ya tramu namba 28 inayojaa wezi wa mifukoni, na mji wenyewe hawajauona. Mimi nakushauri kinyume chake: panda asubuhi na mapema, tena usiipe miguu kazi hiyo, kisha siku nzima iwe ya kushuka.

Njia ya kupanda bila kutoka jasho ipo, na haina nauli. Kwenye mtaa wa Rua dos Fanqueiros, ndani ya jengo ambalo ungelipita bila kulitazama mara mbili, kuna lifti ya umma inayokutoa Rua da Madalena. Vuka barabara, tembea kidogo hadi Largo Chão do Loureiro, uingie lifti ya pili katika jengo lililokuwa soko. Ukitoka hapo, kuta za ngome ya São Jorge ziko jirani. Upande wa pili wa bonde, kituo cha metro cha Baixa-Chiado kina mlango mmoja chini na mwingine juu kileleni, na katikati yake kuna ngazi za umeme. Wenyeji huzitumia hata siku wasiyopanda treni. Lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, ni nzuri kuitazama ukiwa chini. Kupanga foleni yake sioni sababu.

Viatu: vaa raba zenye soli ambayo haijalika. Njia za watembea kwa miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyopangwa kwa mkono, vingine vyeupe, vingine vyeusi, na miaka ya kukanyagwa imeving'arisha. Manyunyu kidogo tu, vinateleza kama sabuni. Kokoto hizo pia huua magurudumu ya sanduku, kwa hiyo ukichagua malazi Alfama, mtaa wa kale ulio mteremkoni chini ya ngome, jua kwamba mzigo utaubeba begani.

Ngome yenyewe ni ya kulipia. Ukiwa na haraka iache, uende Portas do Sol au Santa Luzia, ambako mapaa mekundu na mto unaviona bure. Kilima hiki kilikuwa cha Waislamu hadi mwaka 1147, Mfalme Afonso Henriques alipouteka mji akisaidiwa na wapiganaji wa msalaba waliokuwa njiani kuelekea Palestina. Kanisa kuu, Sé, lilianza kujengwa baada ya hapo, mahali palipokuwa na msikiti. Mteremko ulio chini yake ndio Alfama: vichochoro visivyopitika kwa gari, ngazi zinazoishia mlangoni kwa mtu, nguo zilizoanikwa madirishani. Aliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu hatahitaji ramani hapa, wala wewe mwingine usiitoe. Weka simu mfukoni ushuke. Kila njia inayoteremka mwisho wake ni mtoni. Ila hizo ni nyumba za watu, wengine wazee waliozaliwa humo humo, basi kamera usiielekeze ndani ya madirisha yao.

Ukitoka Alfama na kuingia Baixa, mtaa wa bondeni, utadhani umebadilisha mji. Vichochoro vinakatika ghafla, unakutana na mitaa iliyonyooka, majengo ya kimo kimoja, kila kona pembe mraba. Sababu ni asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa watu na mishumaa inawaka. Tetemeko likapiga, moto ukafuata, kisha bahari ikapanda na kuingia kupitia mto. Alfama, iliyosimama juu ya mwamba, ilinusurika kwa sehemu kubwa. Bonde likawa kifusi. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, aliamuru bonde lijengwe upya kwa mpango mmoja. Ndani ya kuta mafundi waliweka fremu za mbao zilizokatizana, ili jengo liyumbe bila kuanguka, na chini wakakita nguzo za msonobari kwenye udongo wenye maji. Nguzo hizo unaweza kuziona. Chini ya benki moja iliyoko Rua dos Correeiros kuna machimbo ya kale, ambako utaonyeshwa pia mahodhi ambamo Warumi walitia samaki chumvi. Waongozaji hupokea vikundi vidogo, kwa hiyo weka nafasi mapema.

Chakula nitakigusa tu. Mkate na zeituni zinazowekwa mezani kabla hujaagiza si takrima, ukizila, utalipia. Anayetaka halali aende upande wa Martim Moniz, kwenye mikahawa ya Wabangladeshi.

Usiondoke katikati ya mji kabla ya kupita Largo de São Domingos, nyuma kidogo ya uwanja wa Rossio. Kanisa lililopo hapo liliungua mwaka 1959, na nguzo zake zimeachwa na makovu ya moto. Nje kuna jiwe la kumbukumbu ya mauaji ya mwaka 1506, ambapo Wayahudi waliokwisha lazimishwa kuwa Wakristo waliuawa kwa halaiki. Siku hizi barazani hapo hukutana Waafrika, wengi wao watu wa Guinea-Bissau, wakiongea na kuuziana vitu vya nyumbani.

Mwaka huo huo wa 1506 ndio unaonifanya niseme mtu wa pwani yetu asiishie Baixa. Juu ya tao la Rua Augusta, miongoni mwa sanamu, yumo Vasco da Gama, yule aliyefika Mombasa Aprili 1498. Mwaka 1502 alirudi na manowari, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ingalipo. Fuata mto kuelekea magharibi, upite Cais do Sodré, kama kilomita mbili hivi hadi makumbusho ya Museu Nacional de Arte Antiga, Rua das Janelas Verdes. Uliza Custódia de Belém: chombo cha kanisani kilichofuliwa na sonara Gil Vicente na kukamilika 1506, chenye mitume kumi na wawili waliopiga magoti. Maandishi ya kitako chake yanataja wazi kwamba Mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Wageni husifu ufundi, wakapita. Mimi nakwambia kaa nacho. Mwaka 1505, sonara akiwa bado kazini, Wareno waliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa.

Makumbusho hufungwa Jumatatu, na vyumba vingine huwa kwenye ukarabati, kwa hiyo angalia kwanza kama chombo kiko wazi kwa wageni. Kuna bustani yenye mkahawa kwa nyuma. Miguu ikigoma, mabasi ya kurudi mjini hupita barabara hiyo hiyo.