Kuziba chaneli za ioni siyo lazima kutulize seli

Mkuu, umeuliza kama kila dawa inayoziba chaneli za ioni (vijitundu kwenye utando wa seli vinavyopitisha chembe zenye chaji, kama sodiamu na potasiamu) hutuliza ubongo, kwa kuwa kabamazepini imempunguzia ndugu yako kifafa. Hapana. Inategemea chaneli gani imezibwa, na kwenye seli ipi. Kazi yangu ni kupima umeme wa seli moja moja kwenye vipande vya ubongo wa panya, na tofauti hiyo naiona waziwazi.

Seli ikitulia, ndani yake huwa na takriban milivolti hasi 70 ukilinganisha na nje. Chaneli za sodiamu zikifunguka, chaji chanya huingia na seli hupiga, yaani hutoa mpigo mfupi wa umeme. Za potasiamu zikifuata, chaji hutoka na mpigo unakatika.

Nikiweka tetrodotoksini, ile sumu ya samaki bunju, sodiamu haipiti tena. Nichochee seli nitakavyo, haipigi. Kwenye kipande kingine nikiweka 4-aminopiridini, inayoziba potasiamu, mpigo unachelewa kukatika na seli inamwaga kemikali nyingi zaidi kwa jirani zake. Baadaye kundi zima linapiga kwa pamoja, kama kwenye degedege. Na bado dawa hiyohiyo huwasaidia baadhi ya wagonjwa wa skelerosisi nyingi (multiple sclerosis, ugonjwa unaoharibu ala za neva) kutembea: miligramu 10, mara mbili kwa siku. Ikizidi, inaweza kuleta degedege.

Sasa kabamazepini. Hapa ndipo panaponivutia zaidi. Chaneli ya sodiamu ikishafunguka hujifunga kwa muda kabla ya kuwa tayari tena, na dawa huing'ang'ania hasa katika hali hiyo. Nikiichochea seli mfululizo, mipigo ya mwanzo hutoka karibu kama kawaida, inayofuata inapungua kimo, kisha inakosekana. Seli inayopiga polepole haiguswi sana. Inayopiga kwa fujo ndiyo inayobanwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuimeza na bado akafikiri na kutembea.

Lakini kuna watoto wenye ugonjwa wa Dravet, aina kali ya kifafa cha utotoni, ambao wengi wana kasoro kwenye jeni ya SCN1A. Chaneli inayotengenezwa na jeni hiyo hutegemewa sana na seli zinazowazuia wenzao. Ukiziba sodiamu hapo, unazidi kuwadhoofisha walinzi, na degedege inaweza kuongezeka. Kwa hiyo usimpe mgonjwa mwingine dawa ya ndugu yako, hata kama wote wanaambiwa wana kifafa. Naye asiiache ghafla bila daktari wake, maana degedege inaweza kurudi kwa nguvu.