Kabla ya Kufuta Namba Usiyoitarajia: Nilichojifunza kwa Victor Hess

Nilipokuwa mwanafunzi wa fizikia nilipewa kazi iliyoonekana nyepesi: kukizungushia kihesabu mionzi matofali ya madini ya risasi pande zote, kisha kuandika kinalia mara ngapi kwa dakika. Nilitarajia ukimya, kwa kuwa risasi huzuia mionzi itokayo kwenye kuta na udongo. Milio ilipungua, lakini haikukoma. Nilibadilisha betri, nikakaza nyaya, na mwishowe nikaamua kwamba chombo ni kibovu, nikazifuta namba zote za asubuhi ile kwa wino mzito hata zisisomeke. Kumbe namba zilikuwa sahihi. Nilikuwa nikisikia muoni, chembe zinazozaliwa mionzi ya kosmiki, yaani mionzi itokayo anga za mbali, inapogonga hewa ya juu, ambazo hupenya risasi bila taabu. Kwenye usawa wa bahari hupita takriban moja katika kila sentimita ya mraba kila dakika.

Tangu siku hiyo, kila anayeanza utafiti namshauri asome maisha ya Victor Hess, mwanafizikia wa Austria aliyegundua mionzi hiyo, hasa miaka ya 1911 na 1912. Wakati huo ilijulikana kwamba elektrometa, chombo cha kupimia chaji ya umeme, hupoteza chaji hata ikifungwa vizuri, kwa kuwa mionzi huifanya hewa iliyomo ipitishe umeme, na wengi waliamini kwamba chanzo ni mionzi ya ardhini. Mwaka 1910 mwanafizikia Mjerumani Theodor Wulf alipima juu ya Mnara wa Eiffel mjini Paris, akakuta mionzi imepungua kwa kiasi kidogo kuliko hesabu zilivyodai. Hapo ndipo wengi wetu tungeanza kubishana. Hess, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Radiamu mjini Vienna, alianza kwa kupima yeye mwenyewe jinsi mionzi ya gama, aina inayopenya sana, inavyofifia ikipita hewani, akaridhika kwamba kufikia mita 500 hivi ile ya ardhini ingepaswa kuwa imekwisha.

Kisha akashughulikia vyombo, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Alihakikisha elektrometa zake hazivuji, kwa sababu hewa iliyomo ndani ikipungua kadiri puto linavyopaa, ioni, yaani chembe zenye chaji ambazo mionzi huzizalisha hewani, nazo hupungua, na chombo kinadanganya bila mpimaji kujua. Alibeba zaidi ya kimoja ili hitilafu ya kimoja isidhaniwe kuwa ugunduzi. Aprili 17, 1912 aliruka wakati wa kupatwa kwa jua, akaona mionzi haipungui, kwa hiyo jua halikuwa chanzo kikuu. Agosti 7 alipanda kwa puto la hidrojeni hadi zaidi ya mita 5,000, katika baridi na hewa haba, na huko namba zikawa zaidi ya maradufu ya zile za chini. Aliandika kwamba mionzi yenye nguvu kubwa ya kupenya inaingia kutoka juu ya anga. Aliweza kuiamini namba ya ajabu kwa sababu alikuwa amekwisha kukihoji chombo chake akiwa chini.

Ushauri wangu basi ni huu. Namba isiyoeleweka ikatwe kwa mstari mmoja mwembamba ili iendelee kusomeka, na pembeni iandikwe sababu ya kuitilia shaka. Ukikosa sababu ya kuandika, iache ilivyo. Rudia kipimo kwa chombo cha pili kabla ya kukilaumu cha kwanza, na ukijue chombo chako kabla ya siku ya kukihitaji.

Jiandae pia kusubiri. Mwanafizikia wa Marekani Robert Millikan alikuwa na shaka na ugunduzi huo kabla ya vipimo vyake mwenyewe kumridhisha, na ndiye aliyelieneza jina la mionzi ya kosmiki mwaka 1925. Hess alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936, miaka 24 baada ya safari ile, pamoja na Carl Anderson aliyegundua positroni, chembe kama elektroni lakini yenye chaji chanya, ndani ya mionzi hiyohiyo. Miaka miwili baadaye Wanazi waliitwaa Austria na kumwondoa kazini katika Chuo Kikuu cha Graz, naye akahamia Marekani na mkewe, aliyekuwa na asili ya Kiyahudi. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Fordham, New York, na mwaka 1946, akiwa amevuka miaka 60, alipanda jengo refu la Empire State Building na vyombo vyake kupima mionzi hewani.