Maswali ya Wasomaji: Makundi ya Elementi, Vizibo vya Soda na Chumvi ya Katwe

Barua za mwezi huu zinakutana mahali pamoja: wanafunzi wanataja elementi 20 za kwanza bila kukosea, lakini ukiwauliza kwa nini sodiamu na potasiamu zimewekwa kundi moja, wananyamaza. Tumeyajibu maswali sita.

Ninafundisha S.2 (kidato cha pili) nikiwa na wanafunzi 80 na chati moja iliyofifia. Nianzie wapi ili wayaelewe makundi badala ya kuyakariri?
*Mwalimu wa kemia, Mbale*

Mwalimu mwenzetu, geuza chati hiyo iangalie ukuta kwa masomo mawili ya kwanza. Wingi wa wanafunzi hapa unakusaidia: ukiwagawa wanne wanne unapata timu 20, na elementi unazozihitaji ni 20. Waite timu, usiwaite vikundi, ili neno kundi libaki la jedwali. Neno kipindi nalo lina matatizo yake, maana wamelizoea kwa muda wa somo. Waambie mapema kwamba katika jedwali kipindi ni mstari wa kulala.

Tafuta vizibo vya soda 210. Ukijumlisha 1 hadi 20 ndiyo idadi ya elektroni zote utakazohitaji, kizibo kimoja kwa elektroni moja. Kata maboksi makuukuu upate vipande 20 vya mraba wenye upande wa sentimita 45, kisha gawa mkaa wa kuchorea. Kila timu inapewa namba ya atomi na kuiandika katikati ya kipande chake. Namba tu, si jina wala alama. Wakishaandika Na au Cl wanaikumbuka chati na kuacha kufikiri.

Magamba ya elektroni yachorwe kwa miduara yenye kitovu kimoja: nusu kipenyo sentimita 5 kwa gamba la kwanza, 10 kwa la pili, 15 kwa la tatu na 20 kwa la nne. Gamba la kwanza linabeba vizibo 2, la pili 8, la tatu 8, na vinavyobaki vinaenda la nne. Timu ya 11 inapata 2, 8, 1. Timu ya 17 inapata 2, 8, 7. Timu ya 20 inapata 2, 8, 8, 2. Sisitiza kwamba kila timu ichore miduara inayoihitaji tu. Wakichora yote minne, timu ya 2 itahesabu magamba manne na kujiweka mstari wa mwisho.

Toka nao nje, maana utahitaji eneo la mita 3.6 kwa mita 1.8. Amri ya kwanza: wenye idadi sawa ya magamba wakae mstari mmoja wa kulala, wakifuata namba. Mistari minne itajitokeza yenyewe: 1 na 2, 3 hadi 10, 11 hadi 18, 19 na 20. Amri ya pili: wenye idadi sawa ya vizibo kwenye gamba la nje wasimame safu moja ya wima. Hapo 3, 11 na 19 wanajikuta pamoja, na 9 anamkuta 17. Hayo ndiyo makundi, na hujataja jina hata moja.

Heliamu itakwenda juu ya beriliamu kwa sababu ina vizibo 2 nje. Iache kwanza. Kisha uliza timu hiyo: gamba lenu lina nafasi ya kizibo kingine? Halina. Beriliamu inayo, ya vizibo 6. Ndipo heliamu ihamie upande wa kulia juu ya neoni na agoni, ambazo gamba zao za nje haziombi wala kutoa elektroni. Haidrojeni nayo ina kizibo 1, lakini si metali. Ni gesi inayoweza kupoteza elektroni yake au kupokea moja. Iweke peke yake juu na useme sababu hiyo.

Somo la pili ni la kutabiri. Andaa kadi za lithiamu, sodiamu, potasiamu na rubidiamu, na nyingine za florini, klorini, bromini na iodini. Kila kadi iwe na fomula ya kiwanja ambacho elementi hiyo hufanya pamoja na sodiamu au klorini, na joto la kuyeyukia kwa nyuzi za Selsiasi: lithiamu 181, sodiamu 98, potasiamu 63, rubidiamu 39, florini −220, klorini −101, bromini −7, iodini 114. Ficha kadi ya potasiamu na waambie waijaze. Wastani wa 98 na 39 ni 68.5, karibu na 63 ya kweli, na kwa fomula watasema KCl bila kusita. Ficha bromini: wastani wa −101 na 114 ni 6.5. Hawatapata −7 kamili, ila watatabiri kwamba kwa joto la Mbale bromini ni kimiminika, na ndivyo ilivyo.

Usifiche magnesiamu. Beriliamu huyeyuka kwa 1287 na kalsiamu kwa 842, wastani wake ni karibu 1065, lakini magnesiamu huyeyuka kwa 650. Atomi za metali hizo tatu hazijapangwa kwa namna moja ndani ya metali, kwa hiyo mwelekeo unavunjika, na darasa litaondoka likiamini kwamba makundi hayana maana.

Baada ya zoezi hili ndipo habari ya Mendeleev, mwanakemia Mrusi aliyepanga jedwali la elementi, inapoingia vizuri. Mwaka 1869 alipanga elementi 63 zilizojulikana na kuacha nafasi wazi pale ambapo hakuna iliyofaa. Ile iliyopaswa kukaa chini ya silikoni aliikisia uzito wa atomi wa 72. Jemaniamu ilipogunduliwa mwaka 1886 ilikuwa na 72.6. Wanafunzi waliokwisha kubahatisha kadi ya potasiamu wanajua ujasiri wa kuacha pengo unatoka wapi.

Kitabu kimoja kinasema klorini iko kundi la VII, kingine kundi la 17. Kipi kimekosea?
*Mwanafunzi wa S.3, Masaka*

Hakuna. Mtindo wa kwanza unahesabu makundi makuu manane tu na kuziruka metali mpito, zile za katikati ya jedwali. Wa pili unahesabu safu zote 18. Makundi ya 1 na 2 hayabadiliki. Kuanzia 13 hadi 18, toa 10 upate elektroni za gamba la nje, isipokuwa kwa heliamu. Kwenye mtihani fuata mtindo uliotumika katika swali, na usichanganye yote miwili katika jibu moja.

Maabara yetu ina kichupa cha sodiamu na cha potasiamu vya zamani. Nionyesheje kundi la I bila kumuumiza mtu? Na sodiamu ikiisha?
*Mwalimu, Kitgum*

Anza na potasiamu: itazame bila kuigusa. Ikiwa ina ganda la njano au la rangi ya chungwa, usiikate wala kuikwangua. Ganda hilo ni oksidi kali inayoweza kulipuka kisu kikiisukuma ndani ya metali. Funga chupa, iandike, na upeleke suala lake kwa mkuu wa maabara. Mwelekeo wa kundi unaonekana vya kutosha kwa lithiamu na sodiamu.

Kwa sodiamu tumia beseni pana la sentimita 30, maji ya kina cha sentimita 8 hivi, na matone machache ya fenolithalini, kiashiria kinachogeuka waridi kwenye alkali. Vaa miwani. Toa kipande kwa koleo, kikaushe mafuta kwa karatasi ya kuchujia, ukate kisichozidi milimita 4 kila upande, na urudishe kilichobaki kwenye mafuta kabla ya kuonyesha chochote. Wanafunzi wakae mita 2 nyuma, pawe na kioo cha kinga. Sodiamu itaelea, itajiviringa kuwa mpira na kukimbia, na nyuma yake maji yatageuka waridi.

Ajali hutokea kwa njia zile zile. Kipande kikubwa hupata joto haraka kuliko maji yanavyoweza kulichukua, na haidrojeni hushika moto. Chombo chembamba kama tyubu hukusanya gesi hiyo mahali pamoja. Kipande kikinata ukingoni mwa beseni au kwenye karatasi hakizunguki tena, kinawaka na kurusha chembe. Na chembe ya mwisho mara nyingi hupasuka baada ya kila mtu kudhani imekwisha, kwa hiyo asisogee mtu kabla ya dakika mbili kupita. Vumbi na vipandevipande usivimwage kwenye sinki: viyeyushe kidogo kidogo ndani ya ethanoli, mbali na moto.

Ukiwaonyesha na lithiamu, waulize kwa nini haikujiviringa. Jibu limo kwenye kadi zao: joto la mmenyuko linatosha kuyeyusha kitu cha nyuzi 98, halitoshi kwa cha nyuzi 181.

Sodiamu ikiisha, hamia kundi la II. Kwangua sentimita 5 za utepe wa magnesiamu kwa msasa hadi ung'ae, uukunje na kuutia kwenye maji ya moto kiasi, nyuzi 60 au 70, yenye fenolithalini. Baada ya dakika chache utaona waridi kuzunguka utepe. Punje ya kalsiamu kwenye maji baridi hutoa mapovu papo hapo na maji hugeuka kama maziwa. Kalsiamu iko chini zaidi katika kundi, gamba lake la nje liko mbali na kiini, na magamba ya ndani yanapunguza mvuto, hivyo elektroni mbili hutoka kwa urahisi. Utepe usipokwanguliwa hakuna kitakachoonekana. Kalsiamu iliyokaa wazi nayo imekwisha kuwa chokaa. Hiyo haitoi mapovu hata kidogo.

Kama sodiamu inawaka majini, mbona chumvi ya Katwe inatoka majini na tunaila?
*Mwanafunzi wa S.2, Kasese*

Swali lako ni zuri kuliko mengi tuliyopokea, na vitabu vingi hulipita. Atomi ya sodiamu ni 2, 8, 1. Fujo yote majini inatokana na kuitoa ile elektroni 1. Ndani ya chumvi ya Ziwa Katwe sodiamu ilikwisha kuipoteza zamani. Imebaki ioni yenye 2, 8, haina kitu cha kutoa tena. Haipo tena kama metali.

Ndivyo ilivyo pia kwa potasiamu iliyomo kwenye majivu ya maganda ya matooke. Tia vijiko viwili vya majivu katika kikombe cha maji, koroga, chuja kwa kitambaa, kisha chovya litimasi nyekundu. Itageuka bluu kwa sababu ya kabonati ya potasiamu, na hakuna kitakacholipuka. Mwalimu anayetumia jaribio hili aseme wazi kwamba linaonyesha kiwanja cha potasiamu, halionyeshi potasiamu yenyewe.

Nilitia maji ya klorini kwenye iodidi ya potasiamu nikitegemea rangi. Timu nyingine zilipata kahawia, nyingine hazikupata kitu. Kwa nini?
*Mwalimu, Soroti*

Kuna sababu mbili zinazopingana. Ya kwanza, maji ya klorini yamekufa: mwanga huyavunja yakawa asidi ya haidrokloriki na oksijeni. Yapime kwa litimasi ya bluu. Yaliyo hai huigeuza nyekundu kisha kuifuta rangi. Yaliyokufa huigeuza nyekundu tu. Yatengenezwe karibu na siku ya somo na yakae kwenye chupa ya kahawia, gizani.

Ya pili, wametia mengi mno. Klorini ikizidi huendelea kuigeuza iodini kuwa iodeti, ambayo haina rangi. Pima iodidi ya potasiamu gramu 1.66 katika sentimita za ujazo 100, wape sentimita za ujazo 2 kila timu, na watie maji ya klorini tone kwa tone wakitikisa. Madirisha yawe wazi, mtu asinuse. Kahawia ikitokea watie tone la maji ya muhogo yaliyochemshwa na kupoa. Yatakuwa bluu iliyokolea. Yakiwa bado moto rangi hiyo haitokei.

Linganisheni na kundi la I. Kule kupoteza elektroni kunarahisika ukishuka. Huku kazi ni kupokea, na kiini kilicho karibu na gamba la nje ndicho chenye nguvu. Ndiyo maana klorini huinyang'anya iodidi elektroni zake.

Shaba ya Kilembe ina 2, 8, 18, 1. Gamba la nje lina elektroni 1 kama potasiamu. Mbona haiko kundi la I?
*Mwanafunzi wa S.4, Fort Portal*

Ile kanuni ya 2, 8, 8 inatosha hadi kalsiamu. Gamba la tatu linaweza kubeba 18, ila potasiamu na kalsiamu huanza la nne kwanza kwa sababu hapo nishati ni ndogo zaidi. Kuanzia namba 21 gamba la tatu hurudiwa na kujazwa, na elementi hizo ndizo metali mpito zinazokaa katikati ya jedwali.

Hesabu protoni, chembe za kiini zinazovuta elektroni. Potasiamu ina 19, shaba 29. Protoni 10 zimeongezeka, na elektroni 10 zilizoingia gamba la tatu hazizuii vizuri mvuto wao. Elektroni ya nje ya shaba inashikwa kwa nguvu, ndiyo maana waya wa shaba unakaa majini bila povu lolote. Tena shaba huweza kutoa elektroni ya pili kutoka gamba la ndani na kufanya chumvi zenye rangi, kama salfeti ile ya bluu. Potasiamu hutoa 1 tu, na chumvi yake na klorini ni nyeupe.