Cheksamu ya IP kwenye RISC-V: hesabu amri kabla ya kutafuta kasi

Kwa mnaoanza kuandika programu za vifaa vya kupima maji na upepo hapa Mwanza: cheksamu (namba ya kukagua kama pakiti imeharibika njiani) ya itifaki za mtandao IPv4, TCP na UDP ni hesabu ileile iliyofafanuliwa kwenye RFC 1071, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 1988. Jumlisha vipande vya biti 16, ziada inayofurika juu irudishe chini, kisha geuza biti zote. Ugumu unatoka kwenye prosesa, hapa zile za aina ya RISC-V.

Prosesa za x86 na ARM zina bendera (biti moja maalumu) inayokumbuka kwamba jumla imefurika. RISC-V haina, kwa hiyo usinakili mbinu za asembli ya x86. Kwenye RISC-V ya biti 64, soma biti 32 kwa mkupuo na ujumlishe ndani ya uint64_t (namba ya biti 64 katika C). Ziada itajikusanya nusu ya juu. Mwishoni kunja, yaani ongeza biti za juu kwenye zile 16 za chini (s ni jumla):

while (s >> 16) s = (s & 0xffff) + (s >> 16);

Usikunje mara moja tu: 0x1FFFF hugeuka 0x10000, bado imefurika.

Kwenye chipu ya biti 32 wengi hukimbilia (w ni biti 32 zilizosomwa) s += w; s += s < w; wakidhani upana ndiyo kasi. Hesabu amri: lw (soma biti 32), add, sltu (linganisha kama imefurika), add, yaani nne kwa kila baiti 4. Njia ya kawaida ya biti 16 ni lhu (soma biti 16), add, lhu, add. Nne vilevile! Kinachoamua ni gharama ya kusoma kumbukumbu, kwa hiyo pima kwa mcycle (kihesabu cha mizunguko ya prosesa) kama chipu yako inayo. Tukiulizwa, kwa pakiti fupi bakini na biti 16.

Kichwa cha Ethernet kina baiti 14, hivyo kichwa cha IP hakiangukii kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Kuna chipu zitakazogoma, na nyingine zitakazosoma polepole mno. Acha baiti 2 tupu kabla ya fremu, ili 14 na 2 ziwe 16. Kunakili baiti kwa memcpy nako ni salama, ila kompaila isiyojua mpangilio wa anwani inaweza kusoma baiti mojamoja na kasi yote ikapotea.

Cheksamu ya UDP ya IPv4 ikitoka 0, tuma 0xFFFF, maana 0 husomeka kuwa cheksamu haikukokotolewa.

Jaribu kwa kichwa hiki: 4500 0073 0000 4000 4011 0000 c0a8 0001 c0a8 00c7. Kwa mpangilio wa mtandao (baiti kubwa kwanza) jumla ni 2479C, ikikunjwa 479E, jibu B861; RISC-V ikisoma kwa mpangilio wake itaonyesha 61B8, baiti zilezile zimegeuzwa. Kisha linganisha na toleo rahisi la polepole la hesabu hiyohiyo kwa kila urefu kuanzia 0 hadi 1500, katika mianzo yote minne ya anwani, kabla kifaa hakijapanda kivuko kwenda Ukerewe. Kosa la baiti ya mwisho hujificha: RISC-V huanza na baiti ndogo, kwa hiyo baiti inayobaki huongezwa ilivyo, bila kusogezwa biti 8. Ukiisogeza, ujumbe wenye idadi shufwa ya baiti utapita salama. Kipimo cha upepo kinachotumwa kama maandishi kikitoka 9.8 kwenda 10.2, urefu unabadilika kwa baiti moja na pakiti zinaanza kutupwa.