Tangi la lita 200: nataka kutoka matumbawe laini niingie magumu

SWALI: Fundi salama? Nina tangi la maji chumvi lita 200 hapa Tudor, mwaka wa pili sasa. Ndani kuna matumbawe laini: Xenia, ya uyoga, la ngozi moja kubwa na zoanthidi kibao, zote zimenawiri. Sasa nataka magumu, yale yenye mifupa ya mawe, hasa Acropora. Nitoe haya yote kwanza? Na taa nibadilishe?

JIBU: Salama ndugu yangu. Taa utabadilisha ndio, lakini sio leo, na pesa ya taa nakuomba uiweke kwanza kando maana watu wengi hukimbilia taa wakati shida iko kwenye maji.

Iko hivi. Tumbawe laini halijengi mifupa ya maana, ndio sababu unaweza kukaa miaka miwili hupimi chochote na bado linapepea. Gumu linajenga chokaa kila siku, chokaa ile ile ya mawe yaliyojengewa nyumba za Mji wa Kale, na hiyo chokaa inaitoa kwa maji yako ya lita 200, sio baharini. Kwa hivyo kuna vitu vitatu utaanza kuvifuata: kalsiamu miligramu 400 mpaka 450 kwa lita, magnesiamu kama 1300, na alkaliniti, yaani kabonati iliyoyeyuka majini, 8 au 9 kwa kipimo cha dKH. Hii ya mwisho ndio hushuka mbio na ndio huua.

Usianze na Acropora. Nunua Euphyllia, gumu lisilodeka sana, moja au mbili, ziweke, halafu pima alkaliniti kila siku saa ile ile, mimi hupenda saa mbili usiku, uandike kwa daftari. Tuseme Jumatatu umepata 8.6 na Ijumaa 7.8. Hapo matumbawe yako yanakula 0.2 kwa siku. Sasa hesabu: kwa lita 200, gramu 6 za bekingi soda hupandisha 1 dKH, kwa hivyo wewe unahitaji kama gramu 1.2 kila siku, koroga kwa maji safi, mimina polepole pale pampu inasukuma. Na iwe bekingi soda tupu, sio bekingi pauda, na tafadhali sio magadi ya sokoni yale ya kulainisha maharagwe, hayo yana mengine mengi ndani. Kalsiamu nayo ina dawa yake, usichanganye na soda kwa kikombe kimoja, itaganda nyeupe papo hapo.

Na usipandishe alkaliniti zaidi ya 1 dKH kwa siku hata ukiona imeshuka vibaya. Mimi hapa miaka hiyo nilikuta 7, nikaingiwa na wasiwasi nikapeleka 11 jioni moja, baada ya siku chache ncha za Acropora zote zimeungua nyeupe kama vijiti vya sikio. Ningeiacha hapo 7 ingeishi.

Kuhusu kutoa laini: sio lazima yote, lakini Xenia itoe, itapanda kila jiwe. Lile la ngozi nalo hutoa kemikali za kufukuza majirani, ukibaki nalo weka mkaa wa kuchujia na ubadilishe kila mwezi. Usilikate ndani ya tangi, toa na jiwe lake ukatie nje kwa ndoo.

Zoanthidi hapa nisikilize vizuri. Baadhi zina sumu kali sana, palytoxin, kwa hivyo vaa glavu na miwani, na jiwe lenye zoanthidi USILICHEMSHE, wala usilisugue kwa brashi wala maji ya presha. Kuna familia zimelazwa hospitali nzima nzima kwa mvuke tu wa jiwe kama hilo. Mpe mwenzako jiwe likiwa zima.

Sasa joto, na hili ndilo letu watu wa Mombasa. Magumu yanataka nyuzi 25 au 26. Wakati wa kaskazi, Februari hivi, tangi lako bila kupozwa litagonga 30 mchana, na mwaka 1998 maji ya bahari yetu yenyewe yalipopata moto matumbawe mengi ya pwani yaligeuka meupe yakafa, sembuse tangi la sebuleni. Feni juu ya maji husaidia lakini hewa yetu ina unyevu mwingi haipozi sana, na maji yanapungua chumvi inapanda, kwa hivyo jazia kila siku maji yaliyochujwa kwa RO, ule mchujo wa kutoa chumvi na uchafu wote, sio ya kisima. Ukitaka Acropora kweli, mashine ya kupoza inunue kabla ya taa. Na pampu ya hewa ya betri, stima ikipotea usiku.

Halafu usiniambie utashuka Nyali na nyundo. Matumbawe magumu yote yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na hapo nje ni hifadhi ya bahari tangu 1986. Nunua vipande vilivyooteshwa, tena vimezoea maisha ya tangini.

Taa: laini zako zinatosheka na PAR, yaani kipimo cha mwanga unaotumika na viumbe kujilisha, ya 80 hivi, Acropora inataka 250 kwenda juu. Ukibadilisha anza nguvu nusu, pandisha kidogo kidogo kwa mwezi mzima. Ila nitumie namba za daftari la wiki mbili kwanza, hapo ndio tuzungumze taa ipi.